Watoto kwenye matembezi ya hisani: watembee, wacheze kwenye kona yao, au wapewe kazi?

Matembezi mengi ya hisani mijini kwetu yana ratiba moja. Watu wanaambiwa wafike uwanjani saa 11 na nusu alfajiri. Jukwaani yanaanza mazoezi ya viungo, mgeni rasmi anafika, bendera inapeperushwa, watu wanatembea, wanarudi. Kisha zinafuata hotuba, hundi ya mfano, medali na muziki mpaka saa 4 au 5. Mzazi anayetaka kuja na watoto huwaza kilomita: je, mwanangu ataziweza 5? Kamati nayo huwaza bei ya kukodi jumba la kuruka. Lakini njia yenyewe haimchoshi mtoto kiasi hicho. Kinachomchosha ni kusubiri: saa nzima kabla ya bendera, na saa nyingine mbili baada ya kurudi, jua limeshapanda na wakubwa bado wanaongea.

Kwa hiyo hapa napima siku nzima, tangu mtoto anaposhuka kwenye gari hadi anapopanda tena. Njia ninazolinganisha ni nne: kutembea na mzazi, kona ya watoto ya kukodi, michezo ya mtaani yenye kiongozi, na kuwapa watoto kazi. Naandikia wazazi na wanakamati kwa pamoja, maana uamuzi wa upande mmoja unaubana wa pili.

Vigezo vyenyewe

*Umri.* Mtoto wa miaka 4 na wa miaka 11 hawapaswi kupangiwa siku moja. Kinachomfurahisha mdogo kinamboa mkubwa baada ya dakika kumi, na kinachomfurahisha mkubwa kinamwangusha mdogo.

*Macho.* Nani hasa anamwangalia mtoto, kwa jina lake? Kamati ikisema "tutawaangalia sote", ujue hakuna anayewaangalia. Shirika la kulinda watoto la Uingereza, NSPCC, linapendekeza mtu mzima 1 kwa watoto 6 wa miaka 4 hadi 8, na 1 kwa watoto 8 wa miaka 9 hadi 12. Ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwetu, ambako ni kawaida kukuta mabinti wawili wameachiwa umati wa watoto.

*Jua, maji na choo.* Dar es Salaam, jua la Novemba linachomoza kabla ya saa 12 asubuhi. La Julai linachomoza baada ya saa 12 na nusu, na asubuhi yenyewe ina ubaridi. Saa 3 ya Novemba na saa 3 ya Julai si saa moja kwa ngozi ya mtoto.

*Fedha.* Kinachotoka na kinachoingia. Kila kinachokodiwa kinapunguza kile kitakachomfikia mlengwa, isipokuwa kama kina mfadhili wake.

*Sababu.* Kwangu hiki ndicho kigezo kinachosahaulika na ndicho ninachokijali kuliko vyote. CRDB Bank Marathon ya Dar es Salaam inachangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Mater Heart Run ya Nairobi inachangia upasuaji wa watoto wenye matatizo ya moyo ambao familia zao hazimudu gharama. Mtoto wa miaka 7 anaweza kabisa kuelewa kwamba kuna mwenzake wa umri wake ambaye akipanda ngazi anaishiwa pumzi, na kwamba watu hawa wote wameamka mapema kwa ajili yake. Asipoambiwa, ataondoka na fulana tu.

1. Kutembea na mzazi kwenye njia fupi

*Umri.* Mtu mzima anamaliza kilomita 5 kwa takriban saa moja bila haraka. Mtoto wa miaka 5 au 6, pamoja na kusimama, kufunga kamba za viatu na kuomba maji, mpe saa moja na nusu hadi mbili. Wa miaka 3 na 4 watosheke na kilomita 1 au 2, au wapande kigari au mgongo wa mama kwa muda uliobaki. Kamati ikiweka mahali pa kugeuzia njiani kwa ajili ya wadogo, familia nyingi zitashukuru. Kinachohitajika ni kibao kimoja na skauti mmoja wa kuelekeza.

*Macho.* Hapa njia hii ina nguvu: macho ni ya mzazi mwenyewe, hakuna wa kumkabidhi mtoto. Hatari iko mahali pawili tu. Ya kwanza ni pale bendera inapopeperushwa, kwa sababu wakimbiaji wanasukumana na mtoto yuko kwenye usawa wa viwiko vyao. Familia zisubiri nyuma kabisa, ziondoke dakika chache baada ya wengine. Ya pili ni barabara iliyofungwa upande mmoja, ambako bodaboda hupenya kwenye koni bila kumwuliza mtu.

*Jua.* Angalia njia kwa macho ya mtoto. Daraja la Tanzanite, linalopita baharini kutoka upande wa Coco Beach hadi upande wa Hospitali ya Aga Khan, lina urefu wa kilomita 1 hivi na linapendeza sana kwa picha. Kivuli hakuna hata kidogo. Mkirudi kupitia hapo saa 3 na mtoto asiye na kofia, kilomita hiyo moja itakuwa ndefu kuliko zote.

*Fedha.* Gharama ni ndogo, na njia hii inaingiza zaidi ya nyingine. Mtoto ana tiketi yake na fulana yake, na anaweza pia kukusanya ahadi kabla ya siku: babu shilingi fulani kwa kila kilomita, shangazi kiasi fulani, jirani kiasi fulani. Karatasi ya ahadi yenye majina ya ndugu inamfanya mtoto amalize njia kuliko pipi yoyote.

*Sababu.* Kutembea kwenyewe kunaweza kufundisha, ila kunahitaji kusaidiwa kidogo. Ninachokipendekeza kwa moyo wote ni kadi ya mihuri. Chukua karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja, itoboe juu, pitisha uzi, mtoto aivae shingoni. Ina visanduku vinne, na kila kituo cha maji kina mtu mwenye muhuri na jambo moja dogo la kufanya. Tuseme matembezi ni ya kuchangia matibabu ya moyo. Kituo cha kwanza, mtoto anaweka mkono kifuani au vidole shingoni na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha mzazi anazidisha mara 4. Kwa mtoto wa umri wa shule aliyetulia, jibu litakuwa kati ya 75 na 115 hivi. Kituo cha pili anaruka mara ishirini na kuhesabu tena. Cha tatu anaambiwa kwa maneno mepesi kwamba wapo watoto waliozaliwa na tundu kwenye moyo, na moyo wao unafanya kazi hivyo hata wakiwa wamelala. Cha nne anachora kitu kimoja angependa kucheza na mtoto huyo akipona. Ukiona uso wa mtoto pale namba ya pili inapoizidi ya kwanza, utajua kwamba hakuna hotuba ya jukwaani itakayomweleza vizuri zaidi.

*Inamfaa* mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili ambaye hakuja kutafuta muda bora wa mbio. Haimfai mzazi aliyejiandikisha kilomita 21, wala mama aliye peke yake na watoto wanne wa umri tofauti.

2. Kona ya watoto ya kukodi

Hapa nasema majumba ya kuruka ya kupulizwa upepo, bembea, kuchorwa usoni, bisi na aiskrimu.

*Umri.* Miaka 3 hadi 8. Watoto wa miaka 10 na kuendelea wataingia pia, na hapo ndipo wadogo wanapoumia. Ama kuwe na majumba mawili, ama zamu zitenganishwe kwa umri na mtu asimame mlangoni kuzisimamia.

*Macho.* Usimamizi unaweza kuwa mzuri sana au wa hatari sana, kutegemea mlango. Kona iliyozungushiwa uzio, yenye mlango mmoja na daftari, ambapo mtoto anavishwa kitambaa chenye namba na mzazi anapewa namba hiyohiyo, inamruhusu mzazi kutembea kwa amani. Namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi kwa kalamu ya wino mzito, kisha ibandikwe salotepu juu yake. Bila hivyo jasho litaifuta kabla mgeni rasmi hajaketi. Mtoto asitolewe kwa mtu asiye na namba, hata akijitambulisha kuwa mjomba. Aliyekasirika mlangoni utamwomba radhi baadaye. Walezi wote wajue pia namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi chochote Tanzania na Kenya.

Kuhusu jumba lenyewe, kamati imwulize mwenye nalo kuhusu upepo kabla ya bei. Kiwango cha Ulaya kinataka jumba lifungwe ardhini sehemu 6 au zaidi, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kifaa cha kupimia? Tazama miti midogo: ikianza kuyumba yote, umeshakaribia kikomo, watoto watoke. Kwenye viwanja vya karibu na bahari jambo hili si la nadharia. Kusi ya katikati ya mwaka hukaza kadiri asubuhi inavyosogea, na kamba iliyotosha saa 1 huenda isitoshe saa 4. Uliza pia jenereta itawekwa wapi na nani atakaa nayo, kwa kuwa ikizimika jumba linawaangukia walio ndani.

*Jua.* Plastiki ya jumba ikipigwa na jua la saa 4 inaunguza nyayo. Ni kona ya asubuhi. Ifungwe saa 3 na nusu, watoto wahamie kivulini kwenye meza za kuchora.

*Fedha.* Njia hii ndiyo ghali kuliko zote: vifaa, usafiri, mafuta ya jenereta, walezi. Faida yake ni kwamba wafadhili wanaipenda kwa sababu nembo yao inaonekana. Kampuni inayokataa kutoa fedha taslimu inaweza kukubali kulipia kona nzima. Kuponi za kuingilia nazo zinaweza kurudisha sehemu ya gharama, ingawa sipendi mtoto aliyekuja na nauli tu asimame nje ya uzio akiwatazama wenzake. Kama kuna kuponi, ziwepo za bure mikononi mwa walezi, zitolewe kimyakimya.

*Sababu.* Hapa kona ni dhaifu kwa asili yake, ila meza ya kuchora inaweza kuikomboa: watoto watengeneze kadi za salamu kwa watoto waliolazwa. Zungumzeni na hospitali mapema ili mjue kama itazipokea na kwa utaratibu gani.

*Inafaa* matembezi makubwa yenye wafadhili, uwanja wenye uzio, na wazazi wengi wanaotaka kukimbia umbali mrefu.

3. Michezo ya mtaani yenye kiongozi

Rede, kuruka kamba, mbio za magunia, yai na kijiko, kuvuta kamba, mdako kwa wanaotaka kukaa.

*Umri.* Miaka 6 hadi 13. Pamoja na kupewa kazi, ndiyo njia inayomshika barabara yule wa miaka 11 anayejiona mkubwa kwa jumba la kuruka na mdogo kwa kilomita 10. Rede inafaa hasa kwa sababu kila mtu ana kazi: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na timu nzima inapiga kelele. Mechi moja inakula nusu saa bila mtu kuangalia saa.

*Macho.* Wanaofaa kuongoza ni walimu wa michezo, skauti wakubwa, wanachuo wa ualimu. Bila kiongozi mwenye filimbi michezo hii inasambaratika haraka na watoto wanaanza kurandaranda kwenye magari. Kombolela iachwe kabisa siku hiyo. Ni mchezo mtamu, lakini hutaki watoto wajifiche mahali penye watu elfu moja wasiowajua.

*Jua.* Michezo inahama: jua likisogea, kamba nayo inasogezwa kivulini. Maji yawe palepale kwenye ndoo yenye bomba, maana mtoto aliye katikati ya mchezo hawezi kukumbuka kiu.

*Fedha.* Karibu bure. Mipira ya soksi, kamba za katani, magunia matupu, chupa. Kinachoingia ni kidogo pia, labda mchango kwa timu za kuvuta kamba, wazazi dhidi ya watoto, na watazamaji wakichangia upande wao.

*Sababu.* Iko katikati. Kiongozi mzuri anaweza kuziita timu kwa majina ya wodi au vijiji vinavyochangiwa, na kila ushindi ukasomwa kwa jina hilo. Kiongozi asiyejali hatafanya hivyo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo kamati hulikosea mara kwa mara: kuiweka michezo karibu na jukwaa. Spika zikishindana na filimbi, filimbi haitashinda. Iwe upande wa pili wa uwanja, karibu na vyoo.

*Inafaa* matembezi ya parokia, msikiti, shule au mtaa, yenye bajeti ndogo na watu wa kujitolea wa kutosha.

4. Kuwapa watoto kazi

*Umri.* Miaka 9 na kuendelea. Wadogo wafanye jambo moja jepesi, kama kupeperusha vibendera kwenye mstari wa mwisho.

*Macho.* Kila kituo kiwe na mtu mzima wake, na watoto wasimame ukingoni, kamwe wasiingie barabarani. Kugawa maji kunafundishwa kwa dakika tano: mkono umenyooshwa, vidole vimeshika sehemu ya chini ya kikombe ili anayepita ashike juu, na mguu mmoja uko nyuma. Aliyefundishwa hivyo hamwagi wala hagongwi. Zamu zisizidi dakika arobaini.

*Jua.* Ndicho kikwazo kikubwa, kwa kuwa kazi inamfunga mtoto mahali pamoja. Turubai kwanza, kazi baadaye.

*Fedha.* Haigharimu, na inapunguza idadi ya watu wa kuajiri. Lakini watoto wasitembeze visanduku vya michango peke yao. Fedha zikipungua, mtoto ndiye atakayeulizwa, na si haki kumweka hapo.

*Sababu.* Inalingana na kutembea, pengine inaizidi. Mtoto aliyempa maji mzee wa miaka 70 kwenye kilomita ya nne na kuambiwa "ahsante mwanangu, Mungu akukuze" ameshaelewa hisani ni nini. Hapohapo niseme jambo linalonikera: kumpandisha jukwaani mtoto mgonjwa, au aliyepona, ili watu wamwone na kutoa zaidi. Kazi ya mtoto kwenye matembezi isiwe kuonyeshwa. Kama familia imependa kuja, waje watembee kama wengine, na picha zao zisirushwe popote bila ridhaa.

*Inafaa* watoto wakubwa, vikundi vya skauti na wanafunzi wanaokuja na mwalimu wao. Mtoto mwenye haya huwa anafunguka hapa kuliko kwenye mchezo, kwa kuwa ana kitu mkononi cha kumsemea.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Una mtoto mmoja wa miaka 5 hadi 9 na muda wa kutosha: tembea naye, na kama kamati haina kadi ya mihuri, itengeneze nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo. Vituo utavibuni mwenyewe.

Umejiandikisha mbio ndefu na mwenzako pia anakimbia: usimlete mtoto mpaka uwe umeuliza kuhusu uzio, mlango na daftari. Majibu yakiwa ya kubabaisha, aende kwa bibi.

Una wa miaka 4 na wa miaka 11: wagawe. Mdogo aende kilomita 1 na mama au akae konani, mkubwa apewe kituo cha maji au rede. Kuwalazimisha wawe pamoja kunamharibia siku kila mmoja.

Mtoto chini ya miaka 3: kigari na kurudi mapema, au abaki nyumbani. Hakuna burudani ya uwanjani itakayolipa usingizi alioupoteza.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, au anayesumbuliwa na kelele: kituo cha maji kilicho mbali na spika, au njia fupi ya lami iliyokaguliwa siku moja kabla. Muulize yeye mwenyewe anapenda kipi.

Kamati yenye bajeti ndogo: michezo ya mtaani asubuhi, kadi ya mihuri njiani. Fedha za jumba la kuruka ziende kwenye maji, kivuli na choo cha ziada. Kamati yenye mfadhili mkubwa: kona ya kukodi, ila sehemu ya mkataba iwe walezi wa kutosha pamoja na vifaa.

Na kama mnajua kabisa kwamba mgeni rasmi wenu huchelewa, au kwamba hotuba zitakuwa tano, basi watoto wapewe medali zao mara tu wanapovuka mstari. Wasisubiri jukwaa. Familia inayotaka kuondoka saa 3 iondoke na medali shingoni, na inayobaki ipate kivuli, chakula na filimbi ya rede upande wa pili wa uwanja.